Utumbo wa Baba Haungoji Mbalamwezi

Rusimbi, Kigoma
Jumapili, 4 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini boti ilikufikisha Mwamgongo salama na kwamba wewe na mama hamjambo. Mimi sijambo kwa afya, ila moyo wangu umechafuka, na aliyeuchafua ni wewe.

Ijumaa asubuhi nilikuja wodini na chupa ya uji mkononi. Nikakuta kitanda kimetandikwa. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniambia, "Mzee Marselino? Ameshaondoka. Kavaa kofia yake, kaaga vizuri tu, kasema anawahi boti Kibirizi." Baba, huu ni mwaka wa tisa mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji katika hospitali hii. Wenzangu walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekutorosha.

Naona hukuelewa, kwa hiyo naandika polepole. Ulipoletwa Jumanne tumbo limejaa kama ngoma, haikuwa gesi ya maharage kama ulivyokuwa ukimwambia kila mtu. Utumbo wako mkubwa ulijisokota wenyewe, njia ikaziba. Daktari Leodgar alipitisha mpira kule nyuma, upepo ukatoka, utumbo ukajinyoosha. Ile si tiba. Utumbo umerefuka kupita kiasi na utajisokota tena, na siku hiyo tukichelewa utakosa damu na kuoza.

Sasa hivi, ukiwa mzima, daktari anaweza kukupangia siku. Tunakusafisha tumbo, anakata kile kipande kirefu, anaunga, unarudi kwako. Tukingoja dharura tutakata kilichooza, na mara nyingi hatuthubutu kuunga. Choo kitatokea ubavuni, kwenye mfuko. Tafadhali rudi.

Binti yako,
Yusta

Nimesahau: ule mpira uko wapi? Muuguzi wa zamu anautafuta.


Mwamgongo
9 Februari 2024

Mwanangu Yusta,

Marahaba. Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana, ameivisha mihogo. Barua yako nimepewa na nahodha, nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimeona unanigombeza kama mimi ndiye niliyetoka tumboni mwako.

Kwanza, mimi nimepona. Nakula, nalala, choo napata bila shida. Mtu mzima wa miaka sitini na saba akisema amepona, basi amepona. Mnipasue nini?

Pili, giza limeanza. Umekulia hapa, unajua kwamba dagaa hawaji kwenye taa mwezi ukiwaka. Hizi siku za giza ndizo zinazotulisha. Mitumbwi inatoka, nani atakagua nyavu na taa? Gasper? Yule ni fundi wa mashine za boti tu, ukimwachia wavu anaufunga kama kamba ya mbuzi.

Tatu, na hili sikutaka kuliandika. Wale waliokuwa wamesimama pale nilipofanyiwa yale mambo ni watu wanaokula na wewe mezani. Mmoja aliniita "baba". Nilitamani kitanda kinimeze. Ndiyo maana nakuomba usinipigie simu juu ya habari hizi. Mtandao huku unapatikana pale mwaloni tu, mitumbwi inapotia nanga, na siwezi kupaza sauti kuhusu makalio yangu mbele ya wanawake wanaoanika dagaa. Andika barua.

Kama ni lazima, nipangie siku za mbalamwezi, tunapokuwa hatuvui.

Mpira ninao mimi. Nimeuosha kwa maji ya moto na sabuni, uko kwenye sanduku la misumari. Mtu haachi dawa yake hospitali.

Baba yako,
Marselino


Rusimbi
13 Februari 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za huko? Mimi ni mzima.

Ule mpira SI dawa yako. Urudishe, au uchome moto, au utupe ziwani, lakini usiuguse. Nimesoma sentensi ile mbele ya Daktari Leodgar, akavua miwani akafunika uso kwa kiganja.

Nimekutafutia siku ya mbalamwezi kama unavyotaka. Nimesimama mbele ya ratiba ya upasuaji na kalenda ya mwezi mkononi, watu wakadhani nimeanza uganga. Ni Jumanne tarehe 27. Fika Jumapili ili tukusafishe tumbo, na kuanzia Jumatatu jioni usitie kitu mdomoni. Hata embe. Nakujua.

Kuhusu aibu: Baba, sisi tukishavaa zile nguo za kijani hatumwoni baba wa mtu. Tunaona tumbo. Njoo tu.

Wako,
Yusta


Mwamgongo
2 Machi 2024

Yusta,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Ninyi huko sijui mna nini.

Nilikuja. Nilikuja siku uliyosema, saa uliyosema. Nikanyweshwa yale maji ya chumvi, nikaharishwa mpaka nikawa mwepesi kama kibuyu. Sikula Jumatatu usiku. Jumanne nikavishwa lile gauni lililo wazi nyuma, nikalala kwenye machela kwenye korido tangu saa mbili asubuhi, nikasali rozari nzima. Saa nane mchana unakuja wewe mwenyewe, mwanangu, unaniambia, "Baba, vumilia, kuna dharura, tutakufanyia Alhamisi." Alhamisi nikafunga tena. Alhamisi dharura nyingine, mama mjamzito, na baada yake mwingine.

Sasa nimeelewa mambo ya hospitali. Anayekuja mzima, kwa miguu yake, kwa adabu, anaachwa. Anayeletwa anakufa ndiye anayepita. Basi nami nitangoja nife kidogo ndipo nije.

Nimerudi nyumbani. Mama yako anasema nimekonda.

Baba yako,
Marselino


Rusimbi
5 Machi 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Una haki ya kukasirika na sitakuambia huna. Lakini nikueleze nani alichukua nafasi yako Jumanne, maana pale kwenye korido sikuweza kusema.

Ni binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kalinzi. Homa ya matumbo ilikuwa imemtoboa utumbo siku mbili kabla, kwao wakamzungusha kwa dawa za mizizi. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na mapigo ya moyo yanakimbia mpaka huwezi kuyahesabu. Chumba ni kimoja, mtu wa nusu kaputi ni mmoja. Daktari Leodgar akanifuata akasema, "Yusta, ni baba yako, nakuuliza kwa heshima tu." Nikamwambia amchukue binti. Wewe ulikuwa unaweza kungoja, yeye hakuweza. Hivyo ndivyo tunavyoamua kila siku, Baba, ila kila siku aliyelala kwenye korido si wewe. Nilikwenda kunawa mikono huku nalia, na maji yakakatika.

Yuko hai. Jana alikunywa chai.

Nimekuandika tena Jumanne tarehe 26 Machi. Mbalamwezi. Umekuwa wa kwanza kwenye orodha. Nakusihi.

Yusta


Mwamgongo
18 Machi 2024

Mwanangu,

Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Nimefurahi huyo binti amepona, msalimie hata kama hanijui.

Tarehe 26 ni Jumanne ya Juma Kuu. Sipasuliwi Juma Kuu. Wewe umebatizwa, hukulifikiria hilo? Ijumaa Kuu niko kitandani nimefungwa bandeji, Pasaka nakula dripu? Paroko ameshaniweka kwenye wabeba msalaba.

Baada ya Pasaka giza linaanza tena, hivyo andika mwishoni mwa Aprili. Huu utumbo umekaa miezi miwili umetulia. Utasubiri mwezi mmoja zaidi.

Baba yako,
Marselino


Wodini, hapa hospitali
Jumatatu, 15 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia barua wakati kitanda chako kiko hatua sitini kutoka chumba changu cha kazi, kwa sababu kila nikiingia unageukia ukutani. Leo ni siku ya tatu. Mama anajifanya anakunja kanga. Nimempa barua hii akuwekee chini ya mto, na nimeamua kuyaandika yote.

Jumatano asubuhi tumbo lilipojaa hukutafuta boti. Ulichukua ule mpira kwenye sanduku la misumari. Ukamwita Gasper, ukamwambia yeye amezoea kupitisha mipira ya mafuta kwenye mashine, huu hauwezi kumshinda. Baba! Mmejaribu mpaka jioni, mama analia mlangoni, na Gasper, kwa maelezo yake mwenyewe, "alikuwa anasikilizia kama unashika." Ni bahati tu kwamba hakukutoboa. Alhamisi asubuhi ndipo wakakupakia, na ukafika hapa saa sita mchana ukiwa baridi mikono na miguu.

Siku hiyo kulikuwa na mzee kwenye korido, wa ngiri, amefunga kula tangu jana yake. Tulimwambia arudi kitandani. Alitukana kwa maneno yako yaleyale.

Ulikuwa bado na akili zako nilipokuletea fomu ya ridhaa. Ukaisoma yote kwa kidole, ukafika kwenye neno mfuko, ukanirudishia kalamu. Ukasema, "Kata unachotaka, lakini usiniwekee mfuko. Bora nife." Nikakubembeleza. Ukafumba macho. Baada ya nusu saa ulikuwa unaongea na marehemu bibi, na hukunijua tena.

Tulipofungua, utumbo ulikuwa mweusi, umelegea kama ganda la ndizi iliyooza. Daktari Leodgar alikata. Kisha akasimama, mikono imekunjwa kifuani, akaniambia hivi: "Ninaweza kuunga. Lakini presha yake iko chini sana, na kiungo kikiachia hatakuwa na nguvu ya kupona. Mfuko utamponya. Mimi najua ninachopendelea, lakini wewe ndiye uliyemsikia alichosema." Mama alikuwa nje, hawezi kusaini chochote kwa kutetemeka. Nilikuwa nimebaki mimi.

Nilikusikia, Baba. Sitasema sikukusikia. Nikasema mfuko.

Basi nichukie. Nimechoka kukubembeleza tangu Februari, nimechoka na mwezi, nimechoka na Gasper. Lakini ungeunganishwa kiungo kikaachia, ningekuzika nikijua kwamba nilikuwa na kalamu mkononi. Ule mfuko si wa milele. Ukipata nguvu, baada ya miezi kama mitatu, tunaweza kukufungua tena tukaunga.

Kunywa ile supu. Muuguzi anasema unaimwaga kwenye beseni.

Yusta


Mwamgongo
9 Juni 2024

Mwanangu Yusta,

Marahaba ya siku nyingi. Mimi na mama yako tunaendelea. Najua uliandika barua tatu tangu niruhusiwe na sikujibu hata moja. Niliandika mbili, nikazichoma. Zilikuwa na maneno ambayo baba hamwandikii mtoto.

Kwanza habari za mfuko, maana wewe ni mtu wa kazi hiyo. Ngozi pembeni ilichubuka, mama yako akapaka ile dawa, imekauka. Ile mifuko uliyotuma imebaki sita. Kanisani nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Jumapili ya juzi, padre ameinua hostia, watu kimya kabisa, mfuko ukalia. Si kidogo. Watu wakageuka kumtazama mtoto mchanga wa jirani yetu Regina, maskini wa Mungu, naye amelala. Mama yako akaficha uso kwenye kitambaa, mabega yanatikisika. Nilimkasirikia mpaka tunafika nyumbani. Halafu nikiwa navua viatu nikacheka mwenyewe, mshono ukauma.

Gasper haji tena hapa. Akiniona kwa mbali anapitia njia ya juu. Mwambie, ukimwona huko mjini, kwamba kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyemwita.

Sasa sikiliza. Nilikuambia bora nife, na nilimaanisha. Usijifariji kwamba homa ilikuwa inaongea. Nilikuwa na akili zangu zote, na mtoto niliyemzaa alinisikia nasema hapana, akaenda akasema ndiyo. Hilo limenikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Miezi miwili nimelala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa nasema, kama hata tumbo langu si langu tena, nimebaki na nini?

Juzi mama yako alipika samaki, kuhe mnono, kwa mawese. Nilikula mpaka nikalamba vidole, nikaomba tena. Nilipokuwa nakula ile ya pili nikakumbuka kwamba arobaini yangu ingekuwa imeshapita. Mama yako angekuwa anakula peke yake, au hali kabisa, unamjua. Nikaweka kipande chini. Nikatoka nje nikasimama kidogo, nikarudi nikamalizia.

Niandikie siku ya kuondolewa huu mfuko. Ziwa limefungwa kwa uvuvi, sina kazi, na hata lingekuwa wazi ningekuja. Weka siku yoyote. Nikilazwa kwenye korido na mkasema kuna dharura, nitaondoka kitandani mwenyewe nimpishe, nitanung'unika, lakini nitampisha.

Fomu nitasaini mwenyewe, mbele ya daktari, kila ukurasa. Usinishikie kalamu.

Lakini mwanangu, ikitokea tena nimelala pale siwezi kusema, na wakakuuliza, useme wewe. Hata kama nilikuwa nimekukataza.

Baba yako,
Marselino