Dabo Deka Katika Chumba cha Umutoni

Kagarama, Kicukiro,
Kigali.
22 Septemba 2025.

Mpendwa dada Spéciose,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote hapo Kigoma. Mguu unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia umeanza kwenda sokoni bila fimbo, nikafurahi, halafu nikaogopa. Nakujua, ukipona nusu unaona umepona yote. Tafadhali endelea na yale mafuta hata kama shemeji analalamikia harufu.

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, vumbi limetulia, na kifua cha Gratien kimetulia pamoja nalo. Umutoni ameingia darasa la tatu. Meno mawili ya mbele yameng'oka kwa mpigo, na sasa kila akisema jambo linatoka na mluzi. Anakuulizia. Anataka kujua kama ni kweli una bata wanaojua jina lako.

Najua ningeweza kupiga simu. Lakini nikipiga simu Gratien, mume wangu huyu, anakuwa pembeni, na kila nikifika penye maana anakohoa. Haya nataka niyaseme mpaka mwisho, ndiyo maana nampa Salvator barua akuletee na lori lake.

Uliniuliza kama tumeshahamia nyumba kubwa. Bado, dada. Tuko palepale kwenye aneksi, vile vyumba viwili vya nyuma ambavyo tulisema ni vya kuwekea saruji na baadaye dada wa kazi. Nyumba kubwa inakaliwa na mpangaji, kodi inakwenda benki kulipa mkopo wa ujenzi, na sisi tunapita pembeni ya ukuta wetu wenyewe kama watu wa kuleta maji. Usinicheke. Nusu ya mtaa huu wanaishi hivyo. Mtu anajenga nyumba Kagarama, anaisifu, anaipaka rangi, kisha anahamia nyuma yake.

Na soko lenyewe limekuwa la ajabu. Barabara ikitiwa lami, kodi inapanda kabla lami haijapoa. Vijana wanaooa wanatafuta chumba na sebule hapa Kicukiro, wanatafuta, wanatafuta, mwisho unasikia wamekwenda Bugesera, nje kabisa ya mji. Makomisiyoneri, hao madalali wetu wa nyumba, wanagonga mageti kuuliza nani anahama, hata kama ndiyo kwanza unatundika mapazia. Mwenye nyumba hapa anaamkiwa kwa heshima zote. Hawajui kwamba mimi mwenye nyumba napika nje kwenye kibaraza.

Wewe hukuwepo siku ya kuingia nyumba kwa sababu ya mguu, kwa hiyo nikusimulie kidogo. Jumapili ile ndugu walikuja na kreti za bia na soda, padri akanyunyiza maji ya baraka chumba hadi chumba. Alipofika kwenye chumba cha watoto nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti, "Hiki ni cha Umutoni." Watu wakapiga makofi. Jumatatu asubuhi nikamkabidhi mpangaji funguo. Hatukulala humo hata usiku mmoja.

Chumba kile, dada, nilikijenga kwa mdomo wangu. Fundi alitaka dirisha liwe juu kama madirisha mengine yote. Nikamkatalia. Nilitaka lianze chini, karibu na sakafu, lipande hadi karibu na dari, mtoto akiamka aone kilima cha pili bila kupanda kiti. Tuligombana siku mbili, akasema mama huyu ananiharibia jina. Dirisha likatoka nilivyotaka. Na rangi nilichagua mimi, ile ya kijani ya embe changa.

Sasa mpangaji. Anaitwa Lillian, amekulia Uganda, anafanya kazi kwenye kampuni ya bima. Ana mume mpole ambaye simsikii, na watoto wawili: Natacha, rika moja na Umutoni, na Hirwa mdogo. Ningempata mpangaji mkorofi ningepumzika, ningekuwa na la kusema. Huyu analipa kabla hajakumbushwa. Amepanda maua kwenye ukuta. Akipika chapati anatuletea. Nimetafuta kosa lake mwaka mzima sijalipata, na hilo nalo limenikera.

Wiki ya pili baada ya kuhamia, likaja gari dogo limebeba mbao nyeupe. Mafundi wakaingia nazo chumba cha Umutoni, wakapigilia kutwa nzima. Jioni Lillian akaniita kwa furaha, "Mama Umutoni, kuja uone!" Nikaenda kuona.

Dabo deka. Unakumbuka dabo deka zetu za bwenini Gitega? Chuma kitupu, kutu, mwenzako wa juu akigeuka wewe wa chini unamwagikiwa na vumbi la godoro lake. Tuliapa watoto wetu hawatalala juu ya mtu. Basi mambo yamegeuka. Siku hizi ndicho kitanda cha wenye nafasi. Hiki kina paa dogo juu kama kibanda, kina ngazi ya mbao yenye vidato vipana, na kila kidato ukikivuta ni droo: hiki soksi, hiki vitabu, hiki midoli. Kuna taa ndogo pembeni ya mto, moja ya juu na moja ya chini. Wamekiweka sambamba na dirisha langu. Na ile kijani yangu ya ukutani ikakipendeza kana kwamba niliipaka kwa ajili yake.

Nikasema, "Kizuri." Nikatoka. Dada, niliona wivu. Nimeshaona wivu kabla, wewe unajua, uliolewa kwa kanga ambazo nilizitaka mimi. Lakini huu ulikaa. Niliulala na kuuamkia.

Kamba yangu ya nguo inapita karibu na dirisha lile. Nikawa nafua. Nafua shuka safi, naanika, nachungulia. Siku moja Gratien akaniuliza lile shuka la bluu limefanya kosa gani, mbona linaadhibiwa kila siku. Nikamwambia vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Kibaya zaidi ni kwamba Umutoni na Natacha walipendana. Kila akirudi kutoka kucheza huko analeta habari za kitanda: leo kilikuwa meli, leo kilikuwa hospitali. Mwenyewe analala kwenye godoro ambalo mchana tunalisimamisha ukutani ili tupate pa kupita. Nikamwambia Gratien twende Gakinjiro, kwa maseremala, tukamtengenezee chake. Fundi wa kule, kabla ya kutaja bei, akauliza dari yetu ina urefu gani. Gratien akamwonyesha kwa mkono. Fundi akacheka, akasema mtoto wa juu atalala pua ikigusa bati. Tukarudi mikono mitupu.

Mwezi wa saba Natacha akamwalika Umutoni alale kwao, juu kabisa. Nikakataa. Nilimwambia mwanangu hatulali kwa watu.

"Kwa watu gani, mama?" akauliza na mluzi wake. "Si nyumba yetu?"

Nikamwambia akanawe miguu.

Ndipo akaja Jean-Luc. Huyu ni komisiyoneri, kijana wa viatu vilivyochongoka, anajua nyumba zote za Kagarama na siri za waliomo. Mkataba wa Lillian unaisha mwisho wa mwezi huu. Jean-Luc akasema ana mteja, bwana Karangwa, mwenye ofisi ya mahesabu kule Gisimenti. Amechoshwa na makelele ya mabaa, anataka nyumba ya utulivu, na atalipa zaidi ya Lillian, tena miezi sita kwa mkupuo. Gratien akakuna kichwa, akasema, "Wewe ndiye unaongeaka na Lillian. Amua wewe."

Kwa hiyo Lillian na watoto wake walikuwa mkononi mwangu, dada, nami nilifurahi. Nakuandikia kama ilivyo. Zile fedha zilikuwa ni za kusemea mbele za watu. Nilichotaka ni kitanda kile kitoke katika chumba kile, kishuke vipande vipande, kipandishwe kwenye gari na kiende. Mwanangu asilale humo, sawa, lakini na wao wasilale.

Alhamisi nikamwambia Lillian kwamba kuna fundi anakuja kuangalia bati. Akaniachia ufunguo, akaenda kazini. Jean-Luc akaja na bwana Karangwa. Wakazunguka sebuleni, jikoni, wakatoka nje kupima kama magari manne yataingia uani. Mimi nikabaki chumba cha watoto peke yangu.

Sijui niseme nini. Nilivua kandambili. Nikapanda kile kidato cha soksi, kidato cha vitabu, mara niko juu. Nikajilaza. Miguu ilipitiliza, paa lile dogo likawa juu ya uso wangu, na godoro lilinukia sabuni ya watoto. Nikawasha taa, nikaizima. Nikawasha tena. Nina miaka arobaini na mitatu.

Nikiwa pale nikawasikia wanaume nje ya dirisha.

"Hii dirisha iko chini sana," bwana Karangwa akasema. "Mwizi anaingia bila kuruka. Tutafunga na matofari, humu tuweke makabati ya mafaili."

"Haina shida, patron," Jean-Luc akajibu. "Mama ni mtu wa kuelewa."

Matofari. Kwenye dirisha langu. Dada, kwa mwaka mzima niliwachukia wale watoto kwa kuamka mbele ya dirisha lile, lakini angalau walikuwa wanaamka. Mafaili yanaamka? Sikufikiri. Nilitoa kichwa nje kutoka kule juu nikapiga kelele, "Nyumba haipangishwi!"

Jean-Luc alitazama mlangoni, akatazama uani, ndipo akatazama juu. "Mama, umefika aje huko?"

"Nimesema haipangishwi. Dirisha hilo halifungwi na mtu."

"Tutaongea, mama, usijari, shuka kwanza..."

"Kaongee kwako!"

Bwana Karangwa akaingia garini bila kuaga. Jean-Luc akamfuata mbio na vile viatu, na tangu siku ile hanisalimu.

Kupanda kulikuwa rahisi. Kushuka, mguu wangu haukuona kidato. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mguu mmoja unaelea, Lillian alipoingia. Alikuwa amesahau simu. Jean-Luc alimpita getini, na nani Kagarama hamjui Jean-Luc?

Alisimama mlangoni na mkoba begani. Hakuuliza nafanya nini juu ya kitanda cha mwanawe.

"Yule si fundi wa bati," akasema.

"Siyo."

"Tunahama?"

"Hapana. Nilitaka mhame. Sasa sitaki."

Akakaa sakafuni palepale na sketi yake ya kazini. Akasema wameshahamishwa mara mbili hapa Kigali, kila mara mtoto anapozoea. "Niliponunua hii kitanda fundi aliniambia niikaze kwa ukuta na misumari. Nikamwambia acha, weka screw tu, za kufungua, hatujui tutalala hapa mpaka lini." Kisha akainuka, akanishika kifundo cha mguu, akauweka kwenye kidato. Nilishuka nikiwa nimemshika bega. Sikumwomba radhi sawasawa, dada. Nilimwambia maua yake yanahitaji maji.

Ijumaa tuliandika mkataba wa miaka miwili. Gratien alinuna hadi jioni kwa sababu ya ile miezi sita, kisha akasikia habari ya kichwa changu dirishani akacheka mpaka kifua kikamrudia.

Na Jumamosi Umutoni akaenda kulala juu. Nilimfungia nguo za kulalia kwenye mfuko, akaondoka bila kugeuka nyuma. Jana mchana Lillian akatualika chakula, wote, rasmi. Nikavaa kile kitenge ulichonitumia. Safari hii hatukupita nyuma jikoni, tulizunguka hadi mbele, tukasimama kwenye kizingiti nilichokilipia kwa jasho, na nikapiga hodi.

Aliyefungua ni Umutoni. Nywele hazijachanwa, amevaa soksi za Natacha, uso wa mtu aliyelala vizuri mahali pake. Akanitazama kuanzia juu hadi chini, kisha akasema kwa upole, vile mtu anavyomwambia mgeni asiyejua:

"Karibu, mama. Lakini vua viatu. Sisi humu hatuingii na viatu."

Nikainama kuvua. Mwaka mzima niliwaonea wivu watoto wa watu. Pale mlangoni, dada, nilimwonea wivu mwanangu mwenyewe.

Nisalimie shemeji, nisalimie Ndihokubwayo na mkewe, na mama mkwe wako umwambie dawa aliyoiagiza iko kwa Salvator. Gratien anakusalimu, nitamwambia nimemwandikia salamu zake. Umutoni anawasalimu bata. Mungu aushike mguu wako, akupe usingizi mwema chini ya paa lako mwenyewe.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Béatha