Mjomba Anajisifia Kivuli Nilichokichora Mimi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijapasuka. Mimi ni msanifu majengo, na mjomba wangu anajenga hoteli ya kitalii huku jangwani, akanipa kazi ya kuichora, nikachora kuta nene, vyumba vinavyozunguka ua wenye kivuli, mimea inayovumilia ukame, na maji ya bafuni yachujwe yakanyweshe miti, kwa sababu kisima ni kimoja na wafugaji jirani wanakitegemea, naye akaniambia, "Mwanangu, mgeni atoke kwao aje kuangalia miiba? Nataka nyasi!" nikabisha, nikalia, mama akanisihi nisimvunjie kaka yake heshima, basi tukaotesha nyasi za majaribio, kisima kikaanza kutoa tope, mifugo ikageuzwa bila kunywa, na mimi nikakosa raha kabisa.

Sasa sikia, juzi mjomba alikuja adhuhuri kukagua nyasi zake, jua likamkimbiza hata hajazimaliza, akaingia kwenye ule ua wenye kivuli, ambao tayari umeshajengwa, akavua viatu, akakoroma, na alipoamka akaamuru nyasi zing'olewe. Nilimshukuru Mungu! Maji yamerudi, wafugaji wamerudi, lakini sasa anamwambia kila mtu, "Kivuli hiki nilikiwaza mwenyewe," mume wangu anataka nimuumbue siku ya ufunguzi, na bado mjomba anang'ang'ania chemchemi ya mapambo langoni, nifanyeje?

Msanifu Asiyesifiwa

*

Msanifu, pole, na hongera pia, maana umeshinda halafu unanuna. Hapo kwenye kukoroma nimecheka peke yangu ofisini.

Ila ulikosea kukubali nyasi ili kumridhisha mama. Mama hachoti maji kwenye kisima kile. Siku nyingine bisha kwa adabu, lakini usirudi nyuma.

Mumeo anakupenda, ila ushauri wake uweke kabatini. Ukimwaibisha mjomba mbele ya wageni, atarudisha nyasi kwa ukaidi tu. Mfuate faraghani, umwambie jina lako libaki kwenye michoro na kwenye kibao cha ukutani, kwa kuwa ndilo litakalokupatia kazi nyingine. Porojo za kivulini mwachie.

Kuhusu chemchemi, mpeleke kisimani wafugaji wakiwa wananywesha, uwaambie, "Huyu ndiye aliyeamuru nyasi zing'olewe." Wakishamaliza kumshika mkono mmoja mmoja, muulize chemchemi yake ijengwe wapi.