Mbolea ya Serikali Imefika, Mama

Mama,

Mbolea ya serikali imefika. Ndiyo, ile ile. Imefika mahindi ya majirani yakiwa yananifika kiunoni, na shamba lako halina hindi hata moja. Sijui nianze kukulilia au kukugombeza.

Unakumbuka pale hospitalini Kitale, ulivyokonda hata pete ikawa inakutoka kidoleni? Wenzako huaga watoto wao kwa mambo ya roho. Wewe ulinishika mkono ukaniambia mambo ya mbolea. "Nafula, usipeleke pesa yetu dukani. Redio imesema ya serikali inakuja, ya bei nafuu. Ngoja." Halafu hukusema tena kitu nilichokielewa. Sasa ningefanyaje, Mama? Neno kama hilo mtu hulikataa vipi?

Basi tukakuzika, nikangoja. Mvua ikaanza. Mama Wanjiru, jirani yetu, akanunua yake dukani akapanda. Alinipigia kelele kwenye ua: "Si upande hata na samadi, wewe! Kwani hii mvua ni ya mjomba wako?" Nikamwambia wewe ulisema tungoje. Akashika jembe lake akaenda zake. Nani atabishana na marehemu?

Naibu wa chifu alituambia wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika akasema lori limekwama njiani. Baadaye ikawa ati mbolea iko, lakini mwenye kutia sahihi ameenda semina. Semina, Mama! Mvua inanyesha huku kwetu Kwanza, kata zote, na mtu mmoja amekaa mahali anakunywa chai na mandazi, na sisi tunamngoja. Siku hiyo nililia pale kwenye ghala la mbolea mbele ya watu, na unajua jinsi nisivyopenda kulia mbele ya watu. Malori yalikuwa yakiingia kwa lango la nyuma na kutoka yamejaa. Sisi wa baiskeli tuliambiwa tunyooshe laini.

Juzi ndipo nikapata magunia mawili. Mbolea ya kupandia, wakati watu wanapalilia! Mfanyabiashara mmoja alinifuata mpaka barabarani akitaka kuyanunua palepale. Wengi walimuuzia. Mimi nilikataa, na si kwa sababu ya utakatifu. Ni hasira tu.

Mwaka huu hatuna mahindi. Nimepanda viazi vitamu na sukuma wiki, basi. Shangazi alikuja kutoka Kabuchai, nikamweleza, akacheka mpaka akashika ukuta: "Ati watu wa Kwanza, wanaolisha nchi mahindi, watanunua unga?" Kisha akaona uso wangu akaacha kucheka.

Kuna jambo moja nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa wengine. Sakafu ya nyumba inatoa maji, na mbolea ikishika unyevu inakuwa mawe. Pakavu ni mahali pamoja tu. Nimeyalaza magunia kwenye kitanda chako. Tangu uondoke sijaruhusu mtu akikalie, hata Shangazi alilala kwenye mkeka. Chumba kilikuwa bado kinanukia mafuta yako ya kujipaka. Sasa kinanuka mbolea. Hilo ndilo limeniuma kuliko mahindi.

Pumzika, Mama. Nakupenda hata nikiwa nimekasirika hivi. Lakini nakuahidi: mvua ya kwanza ya mwakani ikigusa udongo, nitapanda siku hiyohiyo. Sitamngoja chifu, sitaingoja redio. Hata wewe sitakusikiliza.

Mwanao,
Nafula