Matofali Mabichi na Mwenyekiti Anayeogopa Kiberiti

Jumanne. Asubuhi jua kali, mchana mawingu yamekaa juu ya milima wala hayaondoki. Sina raha.

Binti yangu Tusekile, anayeuza mchele Kasumulu, kanipigia simu: baba, moto ulishapita zamani, mbona wewe na mama bado mnalala kanisani? Watu wa mbali wanadhani nyumba inasongwa kama ugali. Basi naandika hapa wasome wote. Shule niliishia darasa la pili, lakini nimejenga nyumba tatu kwa mikono hii na hakuna iliyoinama.

Moto ule ulishuka mlimani na nyasi kavu, ukala nyumba zetu za ufukweni hapa jirani na Lyulilo. Ukala na mianzi, na nyasi za kuezekea, na kuni. Sasa mtu ajengee nini?

Nikafyatua matofali. Mazuri kuliko ya kijana yeyote hapa. Kuni nikazifuata mbali kwa mtumbwi. Tanuru nikalipanga mchangani, karibu na maji, mahali ambapo hakuna hata jani la kuungua.

Ndipo akaja mwenyekiti wa kijiji. Siku ya moto alikuwa wa kwanza kukimbilia ziwani, maji mpaka shingoni, simu kaishika juu. Sasa kapiga marufuku moto wowote wa nje.

"Mzee, agizo ni agizo. Upepo je?"

Nikamuuliza, matofali niyachemshe kwenye sufuria?

Akageuka, akaenda zake.

Ndaga fijo, kiongozi, asante sana. Hata mke wangu, fundi wa vyungu kuliko wote ufuko huu, hachomi kimoja, maana vyungu navyo huchomwa nje. Hachomi, hauzi. Na mwoga huyo ndiye anayetupangia maisha.

Jioni yamedondoka matone. Machache tu, lakini tofali bichi likilowa ni tope.

Mke wangu kaligusa moja, kafuta kidole kwenye kitenge. "Baba Tusekile, mvua ikiyakuta haya hapa, mimi nakwenda kwa mwanangu. Wewe baki na maneno yako."

Hajawahi kuniambia hivyo.

Kesho alfajiri, upepo ukiwa bado umelala, nawasha. Mwenyekiti simwambii, moshi atauona mwenyewe.

Mke wangu nimemwambia. Kaenda kuleta vyungu vyake vibichi, kavipanga kimoja kimoja pembeni ya kuni.