Pasta wa Koti la Kuazima

Kitale,
Jumanne, 13 Agosti 1991

Kwa dada yangu mpendwa Jerono,

Pokea salamu zangu za upendo, wewe, shemeji na watoto wote hapo Bungoma. Nina imani mko wazima na kile kikohozi cha shemeji kimepungua. Mimi sijambo, na Mama anaendelea vizuri kuliko nilivyotarajia, kama utakavyosoma. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Najua mara ya mwisho nilikuandikia kabla hujaolewa.

Nadhani ujumbe ulikufikia kwamba Mama alilazwa hapa Kitale kwa ugonjwa wa mapafu. Tangu Ijumaa alikuwa hasemi, macho ameyafumba. Jana nikaamua kumletea Biblia yake ili aiguse tu. Koti langu lilikuwa limejaa tope la shambani, basi fundi Gicheru, jirani yangu kule kijijini Kwanza, akaniazima lake jeusi la harusi. Nilifika saa za kuona wagonjwa zimeshapita. Askari wa lango akatazama koti, akatazama Biblia, akasema, "Pita, pasta." Dada, nilipita.

Kumbe habari za pasta zilinitangulia wadini. Wagonjwa waliokuwa wamelala wakaketi. Kitanda cha pili kutoka kwa Mama yuko mama mmoja Mwislamu, Kadija, mwenye duka la nguo mjini. Akaniambia dini yetu si yake, lakini maumivu ni ya wote, kwa hiyo niombe na yeye ataitikia. Nikajitetea kwamba nina haraka. Nesi akazima redio.

Unanijua. Tangu kanisa la Kapsokwony linitenge kwa ajili ya pombe ya busaa, nilikuwa siombei hata chakula. Niliona Mungu akisikia sauti yangu atauliza, huyu naye ametokea wapi? Lakini Mama alikuwa pale, pumzi inakwaruza, na mwingine wa kumwombea hakuwepo. Nikafumba macho. Nilijua nikianza na uongo sitafika mbali, basi nikasema kwa sauti, "Mungu, mimi si pasta. Koti hili ni la Gicheru."

Wadi nzima ikaitikia, "Amina!"

Nikamwambia sistahili kusimama mbele zake, lakini nimekuja hivi hivi nilivyo, wala sitoki mpaka anisikie habari ya Mama. Nikataja busaa. Amina. Nikataja uongo wa langoni. Amina, na sauti ya Kadija juu ya zote. Nilipoona sijafukuzwa nikapata nguvu, nikaomba kama mtu anayedai haki yake, huku machozi yakilowesha koti la watu. Nikataja mpaka jogoo.

Hapo Mama akafungua macho, akasema kwa ile sauti yake tunayoijua, "Ati ni wewe?"

Daktari anasema ni dawa. Kadija anasema ni maombi. Mama mwenyewe anasema ni hasira. Mimi namshukuru Mungu, sichagui.

Sasa, dada, hapa ndipo barua inaponiwia ngumu. Jogoo ni yule wa mwaka wa 1975, aliyekuwa amewekewa mhubiri mgeni. Tulimchoma mtoni mimi na rafiki yangu Rotich, tukamla mpaka shingo, kisha nikaficha manyoya chini ya kitanda chako. Ulichapwa. Ulinyimwa safari ya kwaya uliyoingojea mwaka mzima. Nami nilisimama mlangoni nikikutazama ukilia, nisiseme neno kwa miaka kumi na sita.

Mama amekataa uji mpaka nikuandikie haya, na ameniamuru nimsomee kila mstari. Nisamehe, Jerono. Mungu nilithubutu kumkabili mbele ya wadi nzima. Wewe ndiye ninayekuogopa.

Mama anakusalimu. Kadija pia, ingawa hakujui. Anasema angependa kukuona ukifika hapa na fimbo.

Ni mimi ndugu yako,
Kimeli