Ndege Yako Bado Haijapata Uwanja

Baba yangu,

Shikamoo. Najua sitaisikia marahaba yako, lakini mkono umekataa kuanza vingine.

Tangu tulipokuzika, ile ndege yako ndogo ya jeti, ya kuongozwa kwa rimoti, iko chumbani, imefunikwa kwa kanga ya mama. Miaka mitatu uliiunda kila ulipotoka kazini, kwenye mitambo ya hoteli, na ukaondoka hujaiona angani. Pale hospitalini ulinishika mkono ukanambia, "Saumu, irushe, hata mara moja." Nikaitikia. Sikujua nimeitikia nini.

Nilianza hapa Diani. Ofisi ya usafiri wa anga wakanijibu kwa adabu kwamba uwanja wa ndege wa Ukunda uko karibu mno. Nikaenda Msambweni, kwenye kiwanja cha mpira. Nilihesabu hatua kutoka goli hadi goli, nikakumbuka ulivyonifundisha: jeti haina subira, ukipepesa jicho imeshavuka ua. Nyuma ya goli kuna nyumba na zahanati. Nikarudi. Ufukweni, maji yakitoka, nafasi ipo, lakini mchanga ukiingia kwenye injini ndio mwisho wake.

Mwezi uliopita nikapata kiwanja cha shule, kule karibu na Kikoneni. Kirefu, udongo mgumu, mashamba ya mihogo pande zote. Ofisi wakakubali, mwalimu mkuu akatupa Jumamosi. Mimi na kaka Hamisi tulifagia changarawe asubuhi nzima. Nilipokuwa nikimimina mafuta ya taa kwenye tangi, nilikuwa nikiimba, Baba. Furaha ya kwanza tangu uondoke.

Nikaiwasha. Unaujua ule mlio. Sisi tuliuzoea uani. Watu wa mashamba yale hawakuwahi kuusikia. Bibi mmoja alikuwa akipalilia kando ya kiwanja, mjukuu mgongoni. Alidhani kuna kitu kinamwangukia. Akakimbia, akajikwaa kwenye matuta. Nikazima injini, nikamkimbilia.

Mtoto hakuumia, alhamdulillahi. Yeye, Bi Umazi, alivunjika mkono.

Tulimpeleka hospitali. Njiani hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, mwalimu mlimwomba. Sisi wenye mashamba mbona hamkutwambia?"

Nilikuwa nimepima kiwanja, nimepima upepo. Watu sikuwauliza.

Sasa kila Ijumaa baada ya swala, mimi na Hamisi tunakwenda kumpalilia mihogo. Yeye anakaa kivulini, mkono umefungwa, anatuonyesha tulipoacha magugu. Hamisi ananambia turudi pale kiwanjani, mwalimu bado yuko radhi, tuirushe mara moja tuyamalize. Nami natamani. Wallahi natamani. Nikifumba macho naliona tumbo jeupe la ndege yako likipita juu yetu. Kisha namwona yule mtoto mgongoni, na tamaa inaniishia.

Je, ungenikasirikia? Hilo ndilo linaloninyima raha. Wewe uliomba jambo moja tu.

Nisamehe, Baba, nikichelewa. Nitapita nyumba kwa nyumba, nibishe hodi, niwaeleze ni kitu gani na kinalia vipi. Nitaanza kwa Bi Umazi. Wakikubali wote, nitairusha. Akikataa hata mmoja, itabaki chini, na nitakuja kaburini kukwambia mwenyewe.

Mwenyezi Mungu akulaze pema.

Mwanao,
Saumu