Alteneta ya Gari la Baba

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele, penye cherehani.
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu kwanza, maana nikianza na yaliyo moyoni nitasahau adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi bado anasumbuliwa na kifua? Na mkubwa wenu, ameshamaliza mitihani? Waambie watoto shangazi yao anawaulizia, hata kama sauti yangu wameshaisahau. Sisi huku tunapumua. Mama anakula kidogo kidogo, miguu imepungua kuvimba, na macho yake bado yanaona vumbi lililoko chini ya kitanda changu.

Nimeandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Kila nikigusa jambo hili, mtandao wako unakatika. Karatasi haikatiki.

Unajua Mama anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, na gari ni lile lile la Baba. Mwezi wa kumi na moja taa nyekundu ya betri ilianza kuwaka kwenye dashibodi. Ilikuwa inawaka na kuzima, hasa nikipita kwenye shimo. Nikamwita Injinia, mtoto wa Baba Mdogo, kama ulivyoagiza wewe mwenyewe kwamba gari la Baba asiliguse mtu baki. Akaja, akagongagonga, akasema betri. Nikanunua betri. Baada ya wiki mbili taa ikarudi. Safari hii akasema alteneta, ile mashine inayochaji betri, imeungua, haitengenezeki, inunuliwe mpya.

Niliuza cherehani yangu ya pili, Kaka, ile ya kudarizi. Injinia akaleta alteneta inayong'aa kama sufuria ya dukani. Aliifunga hapa uani, Mama amemkalia karibu akimwombea dua. Ile ya zamani aliondoka nayo, akisema ni chuma chakavu tu, kitachafua ua. Nikamshukuru. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimshukuru.

Siku ya kumi na tatu gari lilizimika kwenye mzunguko mkubwa, tukiwa njiani kwenda hospitali. Lilianza kwa redio kunyamaza, kisha mishale ya dashibodi ikalala yote. Wapita njia walinisaidia kulisukuma kando. Mama alikuwa kiti cha nyuma na shuka lake, jua limemlenga usoni, na madirisha ni ya umeme, hayashuki. Nikafungua milango yote minne. Nilimpigia Injinia mara saba. Hakupokea.

Tulipopata mtu wa kutubeba, kitanda cha Mama kilishapewa mgonjwa mwingine. Wakatuambia turudi kesho kutwa. Kesho yake asubuhi alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayepanda kilima. Alilazwa siku tisa. Wewe uliambiwa ni presha imepanda. Aliyekuambia ni Injinia, kabla mimi sijapata hata nafasi ya kukaa.

Mama alipotoka nilitafuta fundi mwingine. Nyuma ya soko kuna mama mmoja anayesuka upya mota na alteneta, wanamwita Mama Koili. Mikono yake ina makovu ya moto, na miwani yake imefungwa kwa waya. Hakuanza kwa kuongea. Aliwasha gari, akapima betri kwa mita yake, akaona haichajiwi hata kidogo. Akaifungua ile alteneta mpya mezani. Akaikwaruza kwa kisu, rangi ikatoka, chini yake kutu.

Akaniuliza ile ya kwanza ilikuwa na dalili gani. Nikamweleza habari ya taa na mashimo. Akavua miwani.

"Hiyo ilikuwa kaboni tu zimelika, mwanangu," akasema. "Vipande viwili, vidogo kama kucha. Kazi ya nusu saa."

Bei aliyonitajia ni ya mita mbili za kitambaa cha bitana.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Injinia, nia yangu ikiwa kumuuliza tu. Nilimkuta uwanjani kwake akiongeza maji kwenye gari lake, boneti iko wazi. Unakumbuka sikio la alteneta ya gari la Baba, pale inapofungiwa kwa nati, lilivyovunjika, Baba akalipeleka kuchomelewa, likabaki na uvimbe kama kovu? Siku ile mimi ndiye niliyemshikia nati kiganjani. Uvimbe ule ule niliuona ndani ya gari la Injinia, umefungwa vizuri, unafanya kazi.

Aliniona ninapotazama. Akashusha boneti taratibu.

"Ulinipa kitu kibovu," akasema. "Nimekitengeneza mwenyewe. Ni changu."

Nikamuuliza mbona hakunitengenezea mimi. Hakukasirika hata, Kaka. Alinijibu kama anayemweleza mtoto.

"Sasa kwa kaboni mbili ungenilipa nini?"

Nilirudi kwa miguu. Baba Mdogo nilimweleza, akaniambia nimeze, mambo ya ndani yasitoke nje. Nikakupigia wewe. Na wewe, mtoto wa kwanza wa mwanamke huyu, ukaniambia ni spea tu, nisivunje undugu kwa ajili ya spea. Nilidhani hujanielewa. Mpaka wiki iliyopita niliposikia kwamba anayesimamia ujenzi wa nyumba yako ni Injinia. Kumbe ulinielewa vizuri. Ulihesabu tu nani anayekufaa zaidi.

Gari linatembea. Mama Koili aliifufua ile alteneta iliyopakwa rangi kwa beringi na daiodi alizochomoa kwenye mabovu yake, na kaboni mpya. Alinionyesha kila alichokitoa na kila alichokiweka. Mita inasoma volti kumi na nne, betri inachajiwa. Sihitaji unitumie chochote. Wazo lako kwamba gari akabidhiwe Injinia, eti awe anampeleka Mama kwa vile ni mwanamume, nimelisikia. Jibu ni hapana. Funguo ziko shingoni mwangu, nalala nazo.

Mama hajui. Injinia alimwambia gari lilituacha kwa sababu mimi silijali, nami daktari kanikataza kumshtua. Jumamosi alikuja kumtazama. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia, "Mungu akuzidishie. Wewe ndiye umebaki na moyo wa baba yako mkubwa." Kisha akanigeukia mimi. "Mwambie akuangalizie gari, lisije likatuacha tena."

Nikamwambia nitamwambia.

Nisalimie wifi, na watoto uwabusu kila mmoja kwa jina lake. Shangazi na binamu zetu wa kike wanakusalimu. Mama anakusalimu kuliko wote, na kila siku anauliza kama umepiga. Mungu akulinde huko, akupe afya, na nyumba yako isimame imara, nyufa zisiione.

Mdogo wako, ninayekupenda bado, ingawa sasa kwa taabu.